Habu ya kushoto imenimaliza

Habu ya kushoto ya Hilux yangu, ile ya tairi ya mbele ya kuunganisha tairi na fo-wili (tairi zote nne zikisukuma), imekufa mara tatu toka Novemba na mara zote mimi nilikua nalaumu habu. Ya kwanza nikasema ni uzee. Ya pili nikasema nimeuziwa feki. Ya tatu ilikufia huko ndani ya Kisaju mvua ikinyesha, ile tope nyeusi ya Kajiado inayojaa kwa tairi mpaka tairi inakua mviringo laini kama chapati, nyuma nimebeba mifuko kumi ya simiti na turubai juu, ndani nimebeba mama mkwe. Hapo nikajua lazima nitafute ugonjwa wenyewe.

Gari ni LN106, injini ya dizeli inayoitwa 3L, ekseli nzima mbele, na kila tairi ya mbele iko na frihabu ile ya kuzungusha na mkono, FREE ama LOCK. Ikiwa FREE tairi inazunguka peke yake na shafti inalala, ikiwa LOCK meno ya ndani yanashika shafti na nguvu inafika kwa tairi. Sasa usidhani habu moja ikikufa umebaki na nusu ya fo-wili. Umebaki na sufuri mbele, kwa sababu difu, ile gia ya kugawa nguvu kushoto na kulia, inapeleka mwendo wote pale hakuna mzigo, shafti ya kushoto inazunguka bure kama feni na tairi ya kulia imetulia tu inakuangalia. Ndio tulikaa hapo mpaka trekta ikapita.

Swali ambalo ningejiuliza kutoka mwanzo: kwa nini kushoto tu? Kulia haijawahi kuguswa. Kama ni tope, tope iko pande zote. Lakini mimi kila mara nilikua nakimbia Grogan, kule kwa spea Nairobi, nachukua habu ya mtumba, makanika anaifunga dakika ishirini, nalipa naenda.

Jumamosi nikapeleka Kariobangi Light, kwa fundi mmoja mzee asiye na maneno mengi. Hakugusa habu kwanza. Akainua tairi na jeki, akashika juu na chini, akatikisa. Kok, kok. "Kijana, hii tairi inacheza." Ndani kuna nati mbili kubwa za kushika beringi na washa katikati inayokunjwa ili zisilegee, na zile nati zinataka soketi ya 54. Wenzake waliotangulia walitumia tindo na nyundo, alama zilikua wazi kwa pembe zote, na washa haikua imekunjwa hata kidogo. Sa tairi ikiyumba, habu inayumba nayo, shafti iko pale pale, meno yanakulana.

Halafu akanionyesha kitu nikanyamaza. Habu inashikwa na stadi sita, zile bolti zisizo na kichwa, na chini ya kila nati kunafaa kuwe na koni, kipete kidogo chembamba upande mmoja, kimepasuliwa kando. Ukikaza nati koni inaingia kwa shimo na kubana stadi pande zote, hakuna nafasi ya kucheza. Mimi nilikua na koni mbili! Kwingine wameweka washa bapa, moja hata ni ya springi, sijui ilitoka kwa gari gani. Na washa bapa habu inacheza milimita kidogo tu, ukikanyaga inapiga stadi mbele, ukiachilia inapiga nyuma, mpaka stadi zinakatika. Kumbe ndio maana ile ya pili ilitoka na stadi mbili zimekatika na nikaambiwa "bosi, hizi ni feki." Na koni hazikupotea zenyewe. Huwa zinashika sana, za kutoa unaweka kipande cha shaba kwa ncha ya stadi unagonga mpaka koni inaruka, lakini mtu wa haraka anazichokoa na bisibisi, zinavunjika, anatupa.

Grisi ni makosa yangu, nilijaza ndani ya habu kama naweka blubendi kwa mkate, na inataka kupakwa kidogo tu, ikijaa meno yanachelewa kuingia mpaka mwisho na yakishika nusu yanalika.

Lakini hata hivyo vyote visingeua habu haraka hivyo bila shemeji. Nilikuja kujua akitoka shambani anaacha fo-wili ndani mpaka Namanga Road, eti gari inashika barabara vizuri. Hii gari haina difu ya katikati, ya kuacha mbele na nyuma zizunguke mwendo tofauti! Ukikata kona tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma, kwa tope zinateleza na mambo yanaisha, kwa lami haziwezi, kila kitu kinajikaza kama kamba inayosokotwa, na pale palipolegea ndipo panapokatika. Alikua hata analalamika lever ya fo-wili inakataa kutoka. Si ungeniambia bana.

Tukaweka beringi mpya, stadi sita, koni sita, nati nikakaza mwenyewe 31 Nm, nikarudia baada ya siku mbili. Wikendi iliyopita nilirudi Kisaju na tope ile ile, nikazungusha LOCK pande zote, ikapanda bila kelele. Simiti ilifika. Mama mkwe alikuja na matatu.