Siku nzima na mota isiyopunguza mwendo

Saa 1:00 asubuhi. Nashuka Igogo, ziwa limetulia, natembea hadi kiwandani. “Mwangaluka!” mzee wa zamu ya usiku ananisalimu. Naitikia, namwamkia shikamoo, ananikabidhi daftari. Kompresa kubwa ilizimwa usiku kwa matengenezo. Kuiwasha ni kazi yetu.

Saa 2:00. Naanza na brashi za mota yake, vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye pete za rota, sehemu inayozunguka. Nafungua kifuniko, napuliza vumbi la kaboni, nakagua pete kama zina michirizi, kisha napima insulesheni ya koili za rota kwa mega, kipima insulesheni. Kijana wa mafunzo anauliza, “Kaka, kwa nini tusibonyeze tu ikaenda, kama mota za pampu?”

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoichukulia kirahisi mota sinkronasi kama hii, inayozunguka sawasawa na umeme. Rota yake ni sumaku inayolishwa umeme wa DC, wa mwelekeo mmoja. Ukiwasha, uga wa sumaku wa stata, sehemu isiyozunguka, unaanza kuzunguka mara moja kwa kasi kamili, lakini rota ni nzito na bado imesimama. Kwa umeme wa hezi 50, kila sehemu ya mia ya sekunde ncha ya kaskazini inapisha ya kusini, kwa hiyo rota inasukumwa mbele, inarudishwa nyuma, na haiendi popote. Itanguruma tu na kupata moto. Ndiyo maana kwenye nyuso za ncha kuna fito za shaba: zinaianzisha kama mota ya kawaida ya indaksheni, ile isiyolishwa DC, kompresa ikiwa haina mzigo. Wakati huo koili ya rota tunaifunga kupitia rezista. Ukiiacha wazi, volti zinazozaliwa ndani yake zinaweza kutoboa insulesheni.

Ikifika karibu asilimia 95 ya kasi, DC inaingia. Amita, kipima mkondo, inayumba mara moja, mbili, inatulia. Imeshikana na gridi.

Saa 4:00. Chai na chapati, haraka.

Saa 4:30. Sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mota hii ina ncha 6. Kanuni ya mwendo ni 120 mara hezi, gawanya kwa ncha: 120 mara 50, gawanya kwa 6, mizunguko 1000 kwa dakika. Asubuhi nilichora mstari mmoja wa chaki kwenye kapulingi, kiungo cha mota na kompresa. Sasa naumulika kwa taa ya kumetameta inayofuata umeme huohuo, mara 50 kwa sekunde. Inaonekana mistari mitatu, imesimama kabisa, ilhali shafti inazunguka. Kijana ananyamaza, anatazama.

“Pakia.” Kompresa inabeba mzigo. Mistari yote inarudi nyuma kwa pembe ya kama nyuzi 8, inatetema, inatulia palepale. Mwendo bado 1000. Mota ya indaksheni ya ncha 6 ingekuwa imeshuka hadi 970 hivi. Hii ni kama mtumbwi unaovutwa na boti kwa kamba ya mpira: ukiongeza mzigo, kamba inanyooka zaidi, mwendo ni uleule. Ila kamba ina mwisho wake. Kwenye nyuzi 90 za umeme, zinazohesabiwa kwa kila jozi ya ncha, ambazo kwa ncha 6 ni 30 tu za shafti, au kabla kidogo kwa rota ya ncha zilizotokeza, mota inaachia kabisa, mkondo unaruka, na ulinzi lazima uizime.

Saa 7:00. Ugali na sato.

Saa 8:00. Dada mhandisi anataka pawa fakta, sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli, ipande. Mzigo haubadiliki, naongeza tu mkondo wa rota taratibu. Amita ya stata inashuka, inafika chini kabisa, kisha inaanza kupanda tena. Kuanzia hapo mota inafanya kazi ya kapasita, inapandisha pawa fakta inayoshushwa na majirani zake wa indaksheni. Kwa kiwanda kinachovuta kilowati 400, kutoka 0.8 hadi 0.95 ni kushuka kutoka kVA 500 hadi 421 (kVA ni kipimo cha umeme wote unaovutwa), na wateja wakubwa wa TANESCO hulipia pia kilele cha kVA. Sijui kwa nini tununue kapasita wakati mota ipo.

Saa 10:30 jioni. Nakabidhi zamu. “Mzee, jioni volti ikishuka, usipunguze mkondo wa rota. Nguvu ya kushikilia inashuka pamoja na volti. Ukiona amita inayumba polepole bila kutulia, punguza mzigo kwanza, ndipo unipigie.”

“Sawa, mwanangu.” Anasaini daftari.