Machipukizi nusura yaharibu mkutano wetu Bukoba

Nilipowaalika watunza bustani wa kujitolea wa Kanda ya Ziwa, niliandika: "Kila mtu aje na zawadi ya shambani." Kosa langu. Siku mbili kabla, watu sita wakanipigia kwamba wanaleta machipukizi ya migomba. Kagera hii, yenye mnyauko, ugonjwa wa bakteria unaoua migomba! Ugonjwa huo husafiri na chipukizi, na panga lenye utomvu.

Nikawapigia wote: leteni mbegu kavu tu, za mchicha, mnafu au maharage, kwenye bahasha iliyoandikwa zao na mwezi wa kuvuna. Mzee mmoja alikuja na machipukizi yake hata hivyo (wazee wetu!), yakabaki kwenye gari. Kwenye mafunzo ya kupogoa, kila kisu kilipitishwa motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.