Mate yangu yamenizeesha

Leo asubuhi nipo Mwanjelwa nachagua viazi, simu ikalia. Majibu yamefika.

Desemba dada yangu alikuja kutoka Marekani, akanitemesha mate kwenye kichupa, akaondoka nayo. Ati kipimo cha umri wa mwili. Wanaangalia alama za kikemikali zinazojishika kwenye DNA, ambazo hubadilika kadiri mtu anavyozeeka. Mwanasayansi Steve Horvath alitangaza kipimo chake cha namna hiyo mwaka 2013, wanakiita saa, kinasoma sehemu 353 za DNA.

Kitambulisho: miaka 41.
Mate: 47.

Viazi nikavisahau kwa muuzaji. Kweli tena.

Nyumbani nikamwonesha mama. Huyu hajui hata siku aliyozaliwa. Kitambulisho chake kinasema 1 Julai kwa sababu karani alitaka tarehe, akapewa tarehe.

Alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akaushika mkono wangu, akaulaza kando ya wake. Wake mweusi kwa utomvu, kidole gumba kina kovu la jembe. Wangu laini kama wa mtoto wa shule.

"Huu ndio una arobaini na saba?"

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Dada kanipigia kunituliza: hata ile saa ya Horvath hukosea kama miaka 3 na zaidi, juu au chini. Sawa. Mbona mimi imeniangukia juu?

Haya, mliovuka arobaini, mngethubutu kutema? Na mnadhani yenu yangesema ngapi?