Mkate mtamu wa Kireno kwenye baridi ya Mbeya: fuata donge, achana na saa

Maelekezo mengi ya mkate huu yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Ukiyafuata neno kwa neno ukiwa nyanda za juu, kama Uyole au Mafinga, donge litakaa saa mbili bila kujigusa, halafu likishashika kasi litapanda kupita kiasi na kuporomoka ndani ya oveni. Utabaki na mkate wenye bonde katikati.

Sababu ni mbili, na zinavutana. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, Iringa kama 1,600, Njombe ni juu zaidi. Huku hewa inakandamiza kidogo, kwa hiyo gesi inayotolewa na hamira inatanuka kirahisi na donge hujaa upepo mapema kuliko nyuzi za unga wake zinavyoweza kuubeba. Wakati huohuo baridi ya Juni na Julai inaifanya hamira isinzie. Aliyeko Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye kama mita 500 na joto, hana shida hii hata kidogo. Ana yake nyingine, siagi kuyeyuka mikononi.

Mkate wenyewe Wareno huuita massa sovada, yaani donge lililokandwa sana. Ni mkate wa visiwa vya Azores, wa sikukuu za Roho Mtakatifu, na wahamiaji wa Kireno waliubeba hadi Hawaii na kaskazini mashariki mwa Marekani. Kiswahili kilichukua meza, leso na mvinyo kwa Wareno, jina la mkate huu halimo. Ladha yake ni ya mayai, maziwa na ganda la limao. Iliki weka ukitaka, ila hapo utakuwa umeoka andazi kubwa.

Kwa mkate mmoja wa bati la duara la sentimita 22:

Unga wa ngano mweupe gramu 500 (usiwe ule uliochanganywa baking powder), sukari gramu 120, mayai 3 ya kisasa, maziwa mililita 130, siagi gramu 75, chumvi gramu 7, hamira kavu gramu 6, na ganda la limao 1. Hamira gramu 6 ni vijiko viwili vya chai vya kusawazisha. Maelekezo ya pwani huweka 8 au zaidi, kwa kuwa sukari nyingi huinyang'anya hamira maji. Huku juu punguza. Mayai ya kienyeji ni madogo, weka 4. Ukitumia majarini badala ya siagi ya maziwa, shusha chumvi hadi gramu 5, maana majarini nyingi zina chumvi tayari. Ile laini ya kupaka mkate, yenye mafuta kidogo, usiitumie kabisa: sehemu kubwa ni maji na donge litakuwa uji.

Maziwa yachemshe mpaka yapande, kisha yaache yapoe hadi vuguvugu, kidole kisione moto. Huo si usafi tu. Maziwa mabichi yana protini inayolegeza donge, na kuchemsha huiondolea nguvu hiyo. Tia hamira na kijiko kimoja cha sukari kwenye maziwa hayo, subiri dakika 10. Povu lisipotokea, hamira imekufa. Usiendelee kupoteza mayai.

Limao likwangue sehemu ya njano tu, ile nyeupe ni chungu. Lisugue pamoja na sukari kwa vidole mpaka sukari inukie.

Sasa kukanda, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Changanya unga, chumvi, mayai na maziwa yenye hamira, acha dakika 20 unga unywe maji. Kisha kanda dakika 8 ndipo uanze kuweka sukari, kijiko baada ya kijiko. Siagi iliyolainika ije mwisho, vipande vidogo vidogo. Ukiweka siagi mwanzoni, mafuta yanafunika unga na nyuzi haziungani. Jumla ya kukanda kwa mkono ni dakika 20 hadi 25. Donge litanata vibaya sana katikati ya kazi, na mkono utatamani kuongeza unga. Usiongeze. Paka mikono siagi kidogo, inua donge, lipige mezani, likunje, rudia. Liko tayari pale kipande kidogo kinapovutika kuwa chembamba hadi mwanga upite bila kuchanika. Miezi ya kiangazi unga huwa mkavu zaidi. Donge likiwa gumu kama la chapati, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja.

Kuumua. Weka donge kwenye chombo kilichonyooka pembeni, tia alama kwa nje palipoishia, funika. Mahali pazuri ni ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji ya moto. Joto lisizidi nyuzi 30, siagi itaanza kuvuja. Likifikia mara mbili ya alama, toa, hata kama ni saa moja na nusu tu. Lisifike mara tatu. Au tumia baridi kwa faida yako: Njombe usiku wa Julai, jiko lisilowashwa linafanya kazi ya friji, donge lilale humo hadi asubuhi na ladha itakuwa nzuri kuliko ya haraka.

Toa upepo, viringa donge liwe duara lililokaza juu, weka kwenye bati lililopakwa siagi. Mara ya pili lisipande hadi mara mbili. Ongezeko la nusu linatosha. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi taratibu na kuacha alama ndogo, oka. Shimo lisiporudi, umechelewa. Kanda kidogo, viringa upya, subiri tena.

Paka yai juu. Oveni nyuzi 170, dakika 40 hadi 45, ngazi ya chini kabisa. Sukari hugeuka rangi mapema, kwa hiyo baada ya dakika 20 funika juu kwa karatasi ya foili. Kwa jiko la mkaa, tumia sufuria nzito yenye mchanga chini, ipashe kwanza, makaa machache chini na mengi yapaliwe juu ya kifuniko. Mkate ukiungua chini ukiwa mbichi ndani, makaa ya chini yalizidi.

Mwenye kipimajoto cha chakula asisubiri nyuzi 96 zinazotajwa kwa mikate mingi. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hutazifika kamwe, utaukausha tu mkate. Ukisoma 88 hadi 90 katikati, toa.

Kwa Pasaka, Wareno hutokeza mayai mazima juu ya donge na kuyafunga kwa kamba mbili za unga zilizopishana. Huo huitwa folar. Mayai yachemshwe kabla, na huku juu yape dakika 13. Kuna folar nyingine ya kaskazini mashariki mwa Ureno, ya nyama na isiyo na sukari, hiyo ni kazi tofauti.

Uache dakika 10 kwenye bati, uutoe, usubiri saa nzima kabla ya kisu. Ukiukata moto, ndani unagandamana na utadhani haukuiva. Ufunge kwa kitambaa ndani ya mfuko. Siku ya tatu utakuwa umekauka: kata vipande, vipashe kwenye kikaango bila mafuta.