Darasa lilinituma hapana, mi nikapiga ndiyo

Nilikua mwaka wa pili chuo, mwakilishi wa darasa kwenye bunge la wanafunzi, na kikao kile kilikua na hoja moja tu ya maana, kuongeza ada ya chama ili ile nyongeza iende kwenye mfuko wa dharura wa wanafunzi wanaokwama katikati ya muhula. Kabla ya kikao tukakaa darasani tukaijadili, watu wamechoka na michango, wakanyoosha mikono, 31 wanapinga 9 wanaunga mkono. Mwenzetu mmoja, yule ambae kila kitu lazima aulize, akanigeukia mbele ya wote, "sasa we mwakilishi unaenda kupiga nini?" Nikajibu hapohapo bila kufikiri, mmenituma hapana, nitapiga hapana. Hayo maneno yashike, maana kesi yote iko hapo.

Siku ya kikao mweka hazina akasoma ripoti. Mfuko umekauka kabisa, maombi yapo mezani hayajajibiwa. Majina hakutaja ila alitaja kila mwombaji anatoka darasa gani, na mmoja alikua wa kwetu. Nikamjua palepale. Alikua haonekani kwenye vipindi karibu wiki tatu na sisi tukidhani anaumwa, hata siku tunahesabu mikono darasani hakuwepo, yani tulipiga kura juu ya shida yake na yeye hayupo na hakuna aliyejua ni yake. Nikawa nawaza wale 31 wangekaa hiki kiti changu wakasikia ninachosikia wangenyoosha mkono upande gani, na siwezi kutoka nje kwenda kuwauliza, na hata ningetoka ningewaambia nini bila kumuanika mtu. Spika akaita wanaounga mkono hoja, nikanyoosha.

Hoja ikapita.

Sikurudi kuwaambia. Hilo ndo linaniuma mpaka leo kuliko kura yenyewe. Siku nne nikawa naingia darasani mwalimu akishaanza na natoka kabla hajamaliza, nikijiambia nitaongea nao wikiendi, afu muhtasari wa kikao ukabandikwa ubaoni na majina ya waliopiga ndiyo na waliopiga hapana. Jioni yake nikaitwa.

Muhula ule tulikua tunasoma sayansi ya siasa na tulishamfikia Edmund Burke, kwa hiyo nilienda nimejiandaa. Nikawaambia Burke alichaguliwa mbunge wa Bristol, Uingereza, mwaka 1774, na akawaambia waliomchagua kwamba mbunge anawadai... hapana, anadaiwa na wao bidii yake na pia akili yake, na akiitupa akili yake ili afuate maoni yao amewasaliti. Nikaongeza katiba ya Ufaransa ya 1958, kifungu cha 27, kinasema mbunge kupewa agizo la lazima ni batili, na Ujerumani nako kifungu cha 38 mbunge anafuata dhamiri yake tu. Nilijiona nimemaliza kazi.

Yule muulizaji akanisikiliza mpaka mwisho afu akasema kitu kimoja. Burke aliwaambia watu wa Bristol usoni, siku ileile aliyotangazwa mshindi. Wewe ulituambia utapiga hapana.

Sikua na jibu. Ningeweza kusema kuhusu yule mwenzetu aliyekwama na nadhani nusu ya chumba wangenisamehe, ila nilikaa kimya, na kwa hilo la kukaa kimya sijutii hata kidogo. Ikapigwa kura ya kutokua na imani, nikatoka.

Baadae nilienda kusoma zaidi, kwa hasira kwanza, natafuta mtu wa kunitetea. Kumbe hata siku ile ya 1774 mbunge mwenzake wa Bristol, Henry Cruger, alikua ametoka kusema kinyume, kwamba wapiga kura wana haki ya kumuagiza mbunge wao. Na Burke mwenyewe kile kiti hakudumu nacho. Aliunga mkono mambo yaliyowaudhi, kulegeza masharti ya biashara ya Ireland na kuwapunguzia Wakatoliki sheria kandamizi, na 1780 akarudi Bristol akasimama mbele yao kujieleza kura kwa kura, akaona upepo umegeuka akajitoa. Lakini alirudi kuwaeleza, mi sikurudi. Hapo nikafunga kitabu nikakaa tu.

Halafu yupo Jeannette Rankin wa Marekani, Desemba 1941 bunge la wawakilishi lilipiga 388 kwa 1 kuingia vitani na Japani na huyo mmoja ni yeye. Watu humtaja kama mfano wa mbunge aliyewapuuza watu wake, mi naona sivyo, 1917 alishapinga kuingia vita ya kwanza, kwa hiyo waliomchagua tena 1940 walijua wanamchagua nani. Kura ile iliwakasirisha lakini haikua uongo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mbunge afuate matakwa ya waliomchagua bado nasema si lazima kila mara, kuna vitu vinajulikana ndani ya kikao tu, na kuna watu hawapo siku mikono inahesabiwa. Ila asiwape ahadi ambayo hana uhakika nayo, na akienda kinyume arudi yeye mwenyewe kabla ubao haujasema.

Nafasi yangu aliigombea yule muulizaji. Akasimama mbele akasema maagizo yenu nitayabeba yote, ila kura yangu siwezi kuwaahidi kabla sijasikia kinachosemwa mle ndani, na jioni hiyohiyo nitarudi hapa kuwaeleza nimepiga nini na kwa nini. Wengine wakaguna. Mi nikanyoosha mkono wa kwanza.