Mimba Isiyokuwepo

Tanga, Jumapili usiku

Binti wa chuo akitapika, watu wana hesabu moja tu: ana mimba. Ndiyo yaliyomkuta mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayesoma hapa mjini. Wenzake wa hosteli walishamtafutia hadi baba wa mtoto. Kipimo kikaonyesha hana kitu, umbea ukapoa, naye akaendelea kutapika huku amefungulia bomba ili asisikike.

Ugonjwa wake ni bulimia: kufakamia chakula kisha kukitapika makusudi ili usinenepe. Huku kwetu kila dalili yake imeshapata maelezo. Ukikonda, una mawazo. Ukikataa chai na maandazi, umefunga sunna, na nani atamhoji mtu Jumatatu na Alhamisi? Tena anasifiwa! Na mdogo wangu wala hakukonda. Wenye bulimia wengi uzito wao ni wa kawaida. Alishinda njaa, usiku akafakamia wali baridi, biskuti, chochote, kisha akaenda kukitoa.

Aliyeshtuka ni daktari wa meno. Asidi ya tumboni hula meno kwa upande wa ndani, na kupiga mswaki papo hapo baada ya kutapika huzidisha. Damu ikapimwa, madini ya potasiamu yako chini. Hapo ndipo nilipoogopa, maana yakishuka sana mapigo ya moyo huvurugika.

Mama mdogo akasema haya ni maradhi ya Wazungu. Nikamweleza ya Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki: televisheni ilipoingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995, katika wasichana waliohojiwa hakuna aliyesema hutapika ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Na kule unene ulikuwa sifa, kama kwetu. Akauliza, "Basi simu tumnyang'anye?"

Mshauri hakugusa simu. Hata mzani hakuanza nao, alianza na saa: milo mitatu na vitafunio katikati, bila kuruka, kwa sababu njaa ya mchana ndiyo inayoleta kufakamia usiku. Kila anachokula anakiandika, pamoja na alichokuwa akiwaza. Daktari kamwongezea fluoksetini, dawa ya sonona, ambayo kwa bulimia dozi yake hufika miligramu 60 kwa siku.

Leo kala mihogo ya nazi na samaki, akakaa nasi barazani, maana baada ya kula hatakiwi kuwa peke yake. Jirani akapita: "Mashallah, umenenepa!" Nimemfuata hadi mlangoni kwake nikamwomba, kwa heshima zote, sifa hiyo amtunzie mwingine.