Penseli ya mwalimu

Nimeshuka matatu sasa hivi hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, viatu vimejaa matope, na bado natabasamu peke yangu kama mwehu.

Miaka minne naandika hadithi usiku, watoto wakishalala. Nyumbani huniuliza zitalipa kodi lini. (Swali la haki, jamani.)

Leo nikajikaza, nikaenda kukutana na waandishi wenzangu wanane karibu na Maktaba ya McMillan, lile jengo la 1931 lenye simba wawili mlangoni. Nilikuwa nimechapisha kurasa tatu pale saiba, shilingi 10 kila ukurasa.

Aya ya pili tu, sauti ikanikwama.

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja akanisogezea chupa ya maji: "Pole pole dada, hatuna haraka."

Walinikosoa, tena sana. Mwisho wa hadithi wameukata wote!

Lakini mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinirudishia nakala yake. Alikuwa amepigia mstari sentensi moja kwa penseli, pale shangazi anapofunga duka, na pembeni kaandika: "Hapa nimemwona marehemu dada yangu."

Karatasi hiyo nimeikunja. Iko kwenye pochi, kando ya kitambulisho.

Nyinyi mnaoandika, nani alikuwa wa kwanza kuisoma kazi yenu kwa makini? Niambieni.